Firigisi ya Jogoo wa Lugari

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwangu ni firigisi. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Machi, saa saba na robo mchana. Mke wangu Mercyline aliiweka kwenye kisahani chake cha peke yake, akanisogezea, akasema, "Yako hii, kula kabla haijapoa," kisha akatoka kwenda kuanua nguo kwa sababu mvua ilikuwa imeshaonekana upande wa Kinoo. Nikaila. Sikusema asante. Kwa miaka thelathini na mmoja haikuwa desturi yetu kushukuru kwa kitu kinachokuja chenyewe. Jumanne mshipa ulipasuka kichwani mwake akiwa anachagua nyanya, na kufikia Jumatano asubuhi nilikuwa mgane.

Miezi minane baadaye, Jumamosi saa kumi jioni, nilifika kijiweni nimebeba jogoo kwenye katoni. Kijiwe chetu kiko Uthiru, hatua arobaini na mbili kutoka barabara ya lami: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, kando ya kibanda cha fundi viatu. Hatua nilizipima mimi. Nilikuwa mpima ardhi kwa miaka ishirini na tisa, na ndiyo sababu hapa naitwa Desimali. Fundi mwenyewe, Obuya, anaitwa Askofu, kwa kuwa huwezi kumpa kiatu usihubiriwe. Waithaka anaitwa Geti: ana ploti Kinoo, na mwaka wa 2009 alijenga geti la chuma la kupendeza sana, nyumba bado. Kuria alikuwa bawabu wa usiku, na kwa maelezo yake hakuna jambo lililotokea Nairobi tangu mwaka wa themanini na mbili yeye akiwa mbali, kwa hiyo ni Shahidi. Kahawa anauza Munyiva, kutoka kwenye birika ambalo kifuniko chake ni sahani. Mwishoni mwa ubao siku hiyo alikuwa ameketi mwanamke nisiyemjua, kiatu kimoja mguuni, kingine mikononi mwa Askofu, mguu mtupu ameupumzisha juu ya gazeti.

Shahidi: Desimali! Hiyo katoni yako iko na macho.

Mimi: Ni jogoo. Shemeji yangu amemtuma kwa basi kutoka Lugari.

Geti: Kilo ngapi?

Mimi: Mbili nukta nne.

Geti: Bana, si ungesema tu "mbili na kitu".

Askofu: Jogoo wa kienyeji ni baraka. Yule wa gredi ni karatasi yenye mbawa.

Munyiva: Na nani atampika, Baba Nanyama?

Mimi: Mimi.

Wote wakaniangalia, na jogoo pia. Ikabidi nieleze. Mwezi uliopita binti yangu Nanyama alikuja kunitembelea, akafungua friji, akakuta maziwa, ndimu moja na betri za redio. Alifunga friji, akaifungua tena kana kwamba huenda vitu vimeongezeka, kisha akaamua kwamba nitahamia kwao Ngara, ghorofa ya nne, chumba cha nyuma kinachotazama ukuta. Nilimwomba nafasi moja. Tukakubaliana kwamba Jumapili saa saba atakuja na mume wake, na mimi nitapika kuku mzima na kula mbele yake. Akiridhika, nabaki nyumbani kwangu. Asiporidhika, mwenye gari la kuhamisha vitu ameshaambiwa akae tayari.

Munyiva: Kwani unajua kupika kuku?

Mimi: Nimeandika hatua. Ziko kumi na moja.

Nikatoa karatasi. Askofu akaishika mbali na macho yake, mkono umenyooka wote.

Askofu: "Hatua ya nne. Nyonyoa manyoya yote." Hapo umesema kweli.

Shahidi: Lakini hatua ya tisa haina kitu. Kuna alama ya kuuliza tu.

Mimi: Hapo ndipo nimekwama. Hiyo ni firigisi.

Mimi na Askofu tumetoka magharibi, na huko firigisi haichukuliwi, hupewa. Mke humpa mume. Mwanaume anayeingiza mkono sufuriani na kujitolea firigisi huonekana kama mtu aliyejipigia makofi mwenyewe. Tangu Machi nilikuwa sijala kuku, si kwa sababu ya huzuni kama Nanyama alivyodhani, bali kwa sababu sikujua kuku huyo angeliwa kwa utaratibu gani. Na Nanyama anajua kuku vizuri. Atafunua sufuria, aikute firigisi imekaa humo kama mtoto ambaye hajachukuliwa shuleni, na nitakuwa nimekwisha.

Askofu: Si Nanyama mwenyewe akupatie?

Mimi: Nanyama ni mke wa mtu. Na mtu huyo atakuwa mezani.

Askofu: Anaitwa nani?

Mimi: Ochola. Mtu wa kwenu.

Askofu: Aaa! Basi hapo mambo yamebadilika. Mkwe akiingia kwako, huyo kuku amechinjwa kwa sababu yake. Firigisi ni yake.

Shahidi: Yake aje? Yeye ndiye analipa stima ya hiyo nyumba?

Askofu: Ni mgeni!

Shahidi: Mgeni anapewa paja. Mimi nimelinda mlango wa hoteli kubwa huko Westlands miaka sita. Nimeona mabalozi wakila kuku. Hakuna hata mmoja alipewa firigisi.

Munyiva: Huko wanazitupa, Shahidi.

Shahidi: Ndio maana kwao kuna baridi.

Geti: Nyinyi watu mna shida. Sisi kwa mbuzi hatugombani. Masikio ya wasichana, kichwa cha wazee, kila mtu anajua yake mbuzi akiwa bado anatembea. Mnapigania kitu kidogo kama kifungo ya koti!

Askofu: Geti, wewe ulijenga geti bila nyumba. Usitufundishe nini ni kidogo na nini ni kikubwa.

Geti: Nyumba inakuja.

Askofu: Tangu 2009 inakuja. Kwani inakuja kwa miguu?

Munyiva akatujazia vikombe. Shahidi, ambaye hapendi mjadala ukae mahali pamoja, akapendekeza firigisi ikatwe mara mbili, nusu ya mkwe, nusu ya mwenye nyumba.

Mimi: Firigisi ya jogoo huyu haiwezi kuzidi gramu arobaini. Nusu ni ishirini.

Munyiva: Hiyo si chakula, hiyo ni dawa. Mtakunywa na maji.

Geti: Sikia mimi. Hapo Kinoo kuna duka wanauza firigisi tupu, kwa kilo. Unanunua kilo nzima. Mkwe anapata saba, wewe saba, Nanyama saba, zinabaki za jirani. Vita imeisha.

Askofu aliweka sindano chini. Nilimwona akivuta pumzi kama anayepanda mimbari.

Askofu: Firigisi za kuku wa gredi? Kuku asiyejua hata babake? Waithaka! Ukimpa mtu firigisi saba umempa nini? Kila mtu kijijini akiwa chifu, nani atatumwa kupeleka barua?

Geti: Mimi nasaidia tu.

Askofu: Umesaidia kutosha.

Geti: Basi aoe.

Lori lilipita kwenye lami, na wote tukalisubiri liishe.

Mimi: Sasa ni saa kumi na dakika ishirini na tano. Wanafika kesho saa saba.

Geti: Sijasema harusi! Nasema mtu wa kupakua. Mtu wa dakika moja.

Munyiva: Geti, usiniangalie.

Geti: Sikuangalii, nafikiria tu nikiwa nimeangalia hapo. Unaingia, unashika kisahani, unamwekea mzee, unatoka. Kama waziri kufungua daraja.

Munyiva: Na Nanyama akinikuta nimeshika sahani ya mamake? Atanimwagia hiyo supu yote. Na mimi nitamwambia asante, kwa sababu atakuwa amefanya vizuri.

Geti: Nimeondoa hoja.

Askofu: Hii kitu si ya mtu mmoja. Hii ni ya kamati. Sisi wote tunakuja kesho kama kijiwe. Mimi naomba, Geti anashika sahani, Shahidi anashuhudia.

Shahidi: Na ninaandika saa.

Mimi: Kisha mnaondoka?

Askofu: Desimali, watu wakishaomba huwa wanakaribishwa.

Geti: Kilo mbili nukta nne inatosha watu wengi.

Shahidi: Ngojeni kwanza. Mnajua kuna jogoo wa firigisi mbili?

Munyiva: Huyo hapa ameanza.

Shahidi: Nilimwona na macho yangu, mwaka wa tisini na moja, nikilinda shamba moja la kuku. Alipasuliwa, firigisi mbili, zimekaa kama mapacha. Daktari wa mifugo alivua miwani akalia.

Geti: Sasa Desimali atajuaje kama huyu ako na mbili?

Shahidi: Unamtingisha, unasikiliza. Firigisi iko na mawe ndani, sivyo? Ziko mbili, mawe yanaongea mahali pawili.

Nakiri kwamba nilimpa katoni. Nina shahada, nimesaini ramani za mitaa mizima ya jiji hili, na nilimpa Kuria katoni aitingishe. Aliitingisha mara tatu, taratibu, kisha akaweka sikio kwenye tundu. Askofu akazima redio yake ya kibandani. Jogoo, ambaye alikuwa amesafiri usiku kucha chini ya magunia ya mahindi na kuvumilia mengi, akamdonoa sikioni kwa nguvu zote alizobakisha.

Shahidi: Uuuwi! Ameniua!

Munyiva: Yamesema nini hayo mawe?

Geti: Andika saa, Shahidi! Andika saa!

Tulicheka mpaka birika likatikisika. Hapo ndipo mwanamke wa mwishoni mwa ubao, ambaye alikuwa akitusikiliza muda wote bila kugeuza shingo, akaongea.

Mwanamke: Samahani wazee.

Askofu: Kiatu kinakauka gundi, madam. Dakika tano.

Mwanamke: Si kiatu. Naitwa Ivyne. Nataka tu kuuliza kitu. Firigisi ilikuwa ya mzee, hiyo nimeelewa. Na mama alikuwa anakula kipande gani?

Nilifungua mdomo kujibu. Mimi ni mtu wa kujibu. Najua namba ya kitambulisho cha Mercyline kwa moyo. Najua alivaa kiatu saizi ya thelathini na nane, alikuwa na urefu wa mita moja nukta sita moja, na upande wa kushoto alikosa jino la pili kutoka mwisho. Kuku tulikula mara mbili kwa mwezi. Kwa miaka thelathini na mmoja hao ni kuku mia saba arobaini na nne. Aliniwekea kisahani, akawapakulia watoto, akawapakulia wageni wakiwapo, kisha akasema anaenda kuangalia kitu jikoni. Kuku mia saba arobaini na nne, na sikujua hata kipande kimoja kilichoingia kinywani mwake.

Nikaujaza mdomo kahawa.

Askofu: Bawa. Wanawake wanapenda bawa.

Ivyne: Nani alikwambia?

Askofu: Inajulikana.

Ivyne: Mke wako anapenda bawa?

Askofu akarudi kwenye kiatu. Aligonga msumari mahali ambapo, kwa kadiri nilivyoona, hapakuhitaji msumari.

Munyiva: Shahidi? Wako je?

Shahidi: Mimi nilikuwa kazini usiku.

Munyiva: Kuku mlikula mchana.

Shahidi: Mchana nilikuwa nimelala.

Munyiva: Na wewe ndiye umeona kila kitu tangu themanini na mbili!

Geti: Mnasumbuka bure. Kuna simu.

Akampigia mke wake, Njambi, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

Geti: Mama Kui?

Njambi: Nini imefanyika?

Geti: Hakuna. Nauliza tu. Kuku. Wewe unapendanga kipande gani?

Njambi: ... Uko na nani?

Geti: Niko kijiweni.

Njambi: Umeanguka?

Geti: Sijaanguka. Jibu swali.

Njambi: Waithaka. Kama umeuza hiyo ploti, niambie sasa nikiwa nimekaa.

Geti: Sijauza ploti! Nauliza kuku!

Njambi: Na geti?

Simu ikakatwa. Askofu alikuwa ameinama juu ya magoti yake, mabega yanatetemeka. Kabla hatujatulia simu ya Geti ikalia tena.

Njambi: Paja.

Geti: Paja? Lakini mapaja yote mawili huwa nakula mimi.

Njambi: Ehe.

Akakata.

Nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka machozi, kwa mara ya kwanza tangu Machi, na nilipopangusa macho nikaona kwamba Shahidi ametoa simu yake mfukoni na anatafuta jina, na Askofu ameshika yake kwa mkono wenye gundi. Mimi pia nilikuwa nimeshika yangu. Kidole kilikuwa kimeshafungua orodha na kufika kwenye herufi M. Nikairudisha mfukoni.

Ivyne aliniona.

Ivyne: Pole, mzee. Sikujua nauliza kitu ya kuumiza.

Mimi: Hujaniumiza. Ni swali zuri. Ni mimi niliyepaswa kuliuliza, na mapema kidogo.

Askofu alimpa kiatu chake bila mahubiri yoyote, jambo ambalo sijawahi kuliona. Ivyne akakivaa, akakanyaga mara mbili kukijaribu, akatuaga. Munyiva akainamisha birika juu ya kikombe changu, na likatoa tone moja na unga wa kahawa.

Munyiva: Imeisha, wazee. Nendeni mkaulize wake zenu.

Geti: Desimali, kesho tuje saa ngapi?

Mimi: Msije.

Asubuhi yake niliamka saa kumi na mbili kasorobo, nikamchinja jogoo, nikafuata karatasi kutoka hatua ya kwanza hadi ya nane bila kuruka yoyote. Aliiva taratibu, kama ilivyo kawaida ya jogoo aliyetembea sana. Saa nne kasoro dakika kumi nikafunua sufuria, nikaitafuta firigisi kwa upawa, nikaitoa, nikaipuliza, nikaila nikiwa nimesimama. Ilihitaji chumvi. Nikaongeza chumvi kwenye mchuzi.

Mapaja niliyaacha, yana wenyewe. Kidari nilikiacha. Nilijaribu kufikiri kama mtu aliyewapakulia wengine wote, nikatazama kilichobaki, nikachukua shingo. Nikaketi kwenye kigoda cha Mercyline kando ya jiko, ambacho sikuwahi kukikalia. Kina sentimita ishirini na tano tu, na magoti yangu yakapanda karibu na kidevu. Shingo haiwezi kuliwa kwa haraka. Inataka mikono miwili. Mifupa yake ni midogo na mingi, na nyama imejificha katikati, unaitafuta kwa ulimi kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ukiwa hapo chini unaona dirisha, mpera wa jirani, na kipande cha anga ambacho ukiwa mezani hukioni. Hakuna anayekuomba maji. Sijui kama aliipenda shingo, na sitajua. Lakini miaka yote hiyo nilikuwa nikimwita kutoka mezani, nikiuliza anafanya nini huko kwa muda mrefu hivyo, na sasa nilielewa kwa nini hakuwa na haraka ya kurudi.

Simu ikalia. Niliipokea kwa kidole kisicho na mafuta.

Nanyama: Baba, tumeamua kutoka mapema. Tuje tukusaidie, ama tukubebee kitu cha kula?

Mimi: Hapana. Njooni saa saba, kama tulivyopanga.

Nanyama: Baba? Sauti yako iko aje? Unafanya nini?

Mimi: Nakula.

Nanyama: Saa hii?

Mimi: Saa hii. Msiharakishe, mama. Bado sijamaliza.